Kushuka Korongoni na Gloria Bila Kusonya

Mmeniuliza wengi safari ilikuwaje: kwenye kundi la simu, msikitini, hata pale kwa Wahabeshi tunakonunua nyama ya mbuzi. Najua Njeri ameshanitangulia kuwajibu kwamba kule chini ya korongo hakuna kitu, ni mawe na vumbi. Njeri hakusema uongo. Alisema alivyoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Kwa hiyo naandika yote tangu mwanzo, nikae kwa amani. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema insha zangu zina mwanzo mwingi, mnisamehe.

Germantown, kwa Bibi Ruth

Kazi yangu mnaijua, nahudumia wazee majumbani. Mwaka wa pili sasa natoka Hyattsville kila asubuhi, treni na mabasi mawili, mpaka Germantown kwa Bibi Ruth, mama wa Kimarekani ambaye miguu imemgomea lakini mdomo uko salama. Namuita Bibi na yeye ameridhika.

Karibu na kabati la dawa ana picha ya kijana wa Kizungu amekaa juu ya nyumbu. Nasema nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti. Nyuma yake kuna shimo jekundu ambalo mwisho wake hauonekani. Nilikuwa naifuta vumbi kila Jumanne. Siku moja nikauliza.

Kijana ni marehemu mumewe, Hal. Walipooana walikwenda fungate Arizona, wapande nyumbu na kushuka mpaka chini ya lile korongo kubwa, walale huko, wapande kesho yake. Walipofika ukingoni Bibi Ruth akachungulia, miguu ikakataa. Akamwambia mumewe, nenda wewe. Mume akaenda. Kesho yake jioni akarudi amejaa vumbi, na Bibi akamuuliza kulikuwa na nini huko chini.

"Akasema, 'Hujakosa kitu. Mawe tu na vumbi,'" Bibi Ruth aliniambia. "Tukaishi pamoja mpaka nikamzika, na hakuwahi kuongeza neno hata moja."

Akaitazama ile picha. Halafu akasema, "Nataka kujua kama alinieleza kweli."

Mimi ni mtu wa ndoto, hilo hamhitaji kuambiwa. Tangu siku ile nikawa naliota lile shimo nikiwa ndani ya treni. Nilipompa Bibi habari kwamba nimepata nafasi mbili, yangu na ya rafiki yangu, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinitazama kama anayekagua tiketi.

"Ukirudi utaniambia kweli," alisema. "Sitaki adabu. Ninyi watu mna adabu mno. Kila siku nakuuliza supu ikoje, na kila siku unasema nzuri."

"Nzuri, Bibi," nilisema.

"Unaona?"

Akanipa mkanda wa Hal, ule aliovaa siku ile, nikauvae nikishuka. Kifungo chake ni cha chuma, kizito kama kitasa cha mlango.

Kulikuwa na sharti moja tu gumu. Mpanda nyumbu asizidi paundi mia mbili, akiwa amevaa nguo zake zote na viatu, na anapimwa asubuhi ileile kabla ya kupanda. Mimi ni mtu wa mwili, wala sijawahi kulificha. Nilipanda mzani wa Bibi Ruth nikapata mia moja tisini na nne, nimevua viatu, nimetoa na hereni. Nilikuwa na paundi sita za kufanyia safari.

Nilimpigia baba yangu Kondoa kumuaga. Baba ana punda watatu, wanabeba maji, na kwetu mtu mzima hapandi punda labda amevunjika mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mnyama, amekubali?"

Hyattsville hadi Columbus

Njeri ndiye rafiki mwenye nafasi ya pili. Kwa msiomjua, ni Mkenya wa Nyeri, tunakaa jengo moja, anafanya kazi ya kufua katika hospitali, na ni mwembamba kama ufito. Ana gari, hana woga wa kitu chochote duniani, na alisema mambo ya ndege ni ya watu wasiotaka kuona nchi.

"Tunadrive," alisema. "Tunalala kwa watu wetu. Hoteli ni ya nini na watu tuko nao?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Sikuliona, kwa sababu hata mimi sijui kusafiri namna nyingine. Mtu anapita mji ambao yumo shangazi wa rafiki yake halafu analala hotelini? Atamwangalia nani usoni?

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukaondoka saa nne. Jirani yetu Mkongo alisikia tunapita Amarillo, Texas, alipo dada yake, akaleta boksi la ndagala wakavu, ndio dagaa wa kwao, na boksi lilihitaji kufungwa upya mara tatu. Njeri aliendesha madirisha yakiwa wazi mpaka Ohio.

Milimani Pennsylvania lori lilikuwa limemwaga magodoro barabarani. Tulikaa saa mbili tukiyatazama. Hakuna aliyelala.

Columbus tulifika kwa shangazi yake Njeri, Auntie Wambui, mama wa makamo mwenye sauti ya kanisani. Tulimkuta mlangoni na mwiko mkononi.

"Mbona mmelate hivi? Chakula imepashwa mara mbili."

Mezani kulikuwa na mukimo, chapati, sukuma wiki, na mbele ya kiti changu kuku mzima, peke yake kwenye sahani yake.

"Huyo ni wako, mamii," Auntie Wambui alisema. "Njeri aliniambia wewe ni Muislamu. Nikaenda mpaka ng'ambo ile ya mji kutafuta kuku wa halali. Hao wengine wanakula yao, wewe huyo ni wako wote."

Nilimtazama kuku. Nilifikiria paundi sita. Halafu nikamfikiria mama wa watu, mlokole, anazunguka mji asioujua vizuri anauliza wapi kuna kuku wa halali kwa ajili ya mtu ambaye hajamuona. Ningefanyaje? Nilikula nusu, nikasema nimeshiba.

"Hajapenda," Auntie Wambui alimwambia Njeri, kama vile mimi sipo.

"Amependa, tata," Njeri alimjibu, kwao shangazi ni tata. " Ni mambo ya mzani."

"Mzani gani? Huyu mtoto ni mgonjwa?"

"Nimempenda sana kuku, Auntie," nilisema haraka. "Ni mtamu, ningeweza kumla mzima."

Mdomo wangu huo. Akasimama juu ya kichwa changu mpaka nikammaliza. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi ya njiani, yamefungwa kwenye karatasi ya fedha. Chooni kwake kulikuwa na mzani. Mia moja tisini na saba.

Columbus hadi Amarillo

Missouri tulilala kwenye moteli, kwa bahati nzuri hatumjui mtu huko. Nilikula majani ya saladi kutoka kwenye boksi. Njeri alikula mandazi yote, akasema ananisaidia.

Oklahoma ni tambarare, ukitupa jiwe unaliona mpaka linalala. Kwenye kituo cha mafuta alikuwepo babu mmoja mwenye kofia pana, akauliza tunatoka wapi. Nikasema Maryland.

"Mbali sana," akasema. "Na huko Maryland mnazungumza lugha gani?"

"Kiswahili," nilisema. Kwa jengo letu si uongo. Alitikisa kichwa, akasema siku zote alitaka kufika.

Amarillo tulidhamiria kitu kimoja: tunatoa boksi mlangoni, tunasalimia, tunaondoka. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya maneno ndani ya gari. Mama Furaha, dada wa jirani yetu, alifungua mlango, akaona boksi, akanusa, na machozi yakaanza kumtoka.

"Ndagala ya kwetu," alisema. "Dada yangu angali ananikumbuka. Mungiye, mungiye mu nyumba, musisimame inje kama polisi."

Tukaingia. Nani angebaki nje?

Mama Furaha ni mtu wa Uvira, alipita kambi za wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, sasa anafanya kazi kiwanda cha nyama. Alikaanga ndagala haohao, akasonga bugali mkubwa kama mto wa kulalia, akaleta sombe, kwetu ni kisamvu, iliyopikwa na mawese. Niliipenda harufu kabla sijaketi. Nikamega tonge dogo.

"Weye, unakula kama ndege," alisema. "Kuko shida gani?"

Nikaamua kusema kweli. Nilimweleza yote: Bibi Ruth, mume wake, korongo, nyumbu, paundi mia mbili. Alisikiliza vizuri, mkono shavuni.

"Bon," alisema. "Ni kusema ule mama Muzungu ametuma weye kwa mulima, uende kuangalia kitu bwana yake aliona."

"Ndiyo, Mama."

"Na kuko safari ya kushuka siku nzima."

"Ndiyo."

"Sasa utashuka na njaa?" Akaniongezea sombe. "Nguvu itatoka wapi? Ukianguka, nani ataleta jibu kwa ule mama?"

Nikamega tonge la pili, kubwa. Njeri aliinamia sahani yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Tulipoondoka Mama Furaha alinivalisha mwenyewe koti langu, akavuta zipu hadi kidevuni kama ninavyomfanyia Bibi Ruth, akaniombea safari.

Amarillo hadi mzanini

New Mexico nilikunywa maji tu. Arizona nilikunywa maji kidogo. Tulilala karibu na ukingo na kuamka kukiwa bado baridi kali, sijui kwa nini watu wanaliita jangwa. Nilivaa suruali, juu yake dera, leso mbili kiunoni, sweta, koti, na mkanda wa Hal.

Zizini tulikuwa watu kama kumi, wengine wote ni wastaafu wenye kofia nzuri. Kiongozi wetu aliitwa Wade, mzee mwenye masharubu yaliyofunika mdomo, ikawa sauti inatoka bila wewe kujua imetokea wapi. Mzani ulikuwa pale nje, mbele ya kila mtu. Njeri alipanda kwanza: mia moja kumi na nne.

"Na hapo niko na simu mbili," alisema.

Nikapanda. Mia mbili na tisa.

"Samahani, mama," alisema Wade. Hakukunja uso wala hakucheka. "Mia mbili. Nyumbu hajui adabu na mimi siwezi kumdanganya."

Wastaafu wakatazama milima. Nilihisi shingo yangu imepata moto. Nilimuona Bibi Ruth kwenye kiti chake, anauliza, nami najibu kwamba sikufika kwa sababu nilikula kuku mzima.

"Toa koti," Njeri alinong'ona. "Toa kila kitu."

Nikavua koti, na koti likagonga chini kama tofali. Mifukoni mwake, upande huu na upande huu, Mama Furaha alikuwa ameshindilia karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha sita. Sikuwa nimeyahisi kwa sababu tangu Amarillo koti lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, na asubuhi ile nililivaa gizani, nusu usingizi. Nikavua sweta. Nikatoa funguo: zangu, za Bibi Ruth, na za majirani saba wanaoniachia wakienda kazini. Nikavua leso moja. Wastaafu sasa walikuwa wanafuatilia. Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau alinishikia mayai.

Mia mbili na moja.

Kilichobaki ni nguo za heshima na mkanda wa Hal. Nilisimama nikiwa nimekishika kile kifungo. Nilikuwa nimeahidi kuuvaa chini.

"Mkanda unashikilia suruali au unashikilia ahadi?" Njeri aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Vyote viwili."

"Suruali funga na leso. Ahadi ni macho yako, si mkanda."

Nikampa mkanda. Nikasokota ile leso nyingine nyembamba kama kamba, nikafunga suruali, nikapanda mzani huku nimeshika pumzi, kana kwamba pumzi ina uzito. Mia moja tisini na tisa na nusu. Wastaafu wakapiga makofi. Wade aliandika namba kwenye karatasi yake, akasema, "Wewe utampanda Gloria." Mama mkwe wa dada yangu anaitwa Gloria. Nilichukua kama ishara, sikujua ya nini.

Ukingoni

Wakati navuliwa mizigo, Wade alikuwa ameshaeleza sheria, nasi hatukusikia hata moja. Njeri akapandishwa nyumbu wake, akakaa kama malkia, simu moja mkononi anajipiga picha. Wade akamwambia aweke simu mfukoni, ashike hatamu kwa mikono miwili.

Njeri akasonya. Mnamjua anavyosonya, ule msonyo mrefu wa kuvuta mate kwenye meno unaosikika chumba cha pili.

Nyumbu akaondoka. Si mbio, alitembea tu kwa heshima kuelekea ukingoni.

"Wewe! Unaenda wapi?" Njeri alisema, na kwa hasira akasonya tena. Nyumbu akaongeza mwendo.

Alisimama mwenyewe kwenye ukuta mdogo wa mawe, akanyoosha shingo juu ya shimo, kutazama hali ya hewa. Njeri naye akatazama, kwa kuwa hakuwa na pa kutazama pengine. Wade alifika akashika hatamu.

"Sauti hiyo ya mdomo," alimwambia, "ndiyo tunayowaambia watembee. Umemwamuru, mama."

Njeri alishika tandiko kwa mikono yote miwili. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Nishukishe," alisema. "Saa hii."

Akashushwa. Akaketi kwenye benchi, amekumbatia mkanda wa Hal na mayai.

"Hadija, mimi siendi. Nimeangalia, hakuna chini. Hakuna. Ni hewa tu."

Nikakaa karibu naye. Nilitaka kubaki, nawaambieni ukweli, maana mimi ndiye niliyemleta. Alinisukuma bega.

"Enda. Umevuliwa nguo mbele ya watu ili ubaki hapa na mimi? Bibi anangoja. Enda, nitakuwa hapa tu."

Nikaenda. Nilipogeuka nyuma nilimuona mdogo sana kwenye lile benchi. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi harusi mmoja aliyebaki palepale.

Kushuka

Njia ni nyembamba kama korido ya jengo letu, ila korido ina kuta mbili. Gloria alipenda kutembea upande usio na ukuta. Wade alieleza kwamba nyumbu wamezoea kubeba mizigo mipana, wanaogopa kuikwaruza kwenye mwamba, kwa hiyo wanajiweka nje. Nilielewa. Katika kona, kichwa na shingo ya Gloria vilikuwa vinatokea hewani kwanza, halafu anafikiria, halafu anageuka.

Nilishuka kwa muda wa saa tano na nusu bila kusonya. Nzi aliingia sikioni, sikusonya. Babu wa mbele yangu aliimba wimbo mmoja kona ishirini, sikusonya. Leso ilianza kulegea kiunoni na mikono yote ilikuwa kwenye hatamu, sikusonya. Wanaonijua wanajua ukubwa wa jambo hili.

Katikati ya njia Gloria alisimama, akakataa. Wade aliita kutoka mbele nimguse na mjeledi mfupi niliopewa. Sikuweza. Huyu mnyama amebeba paundi mia moja tisini na tisa na nusu bila kuuliza swali. Nikamwinamia, nikamwambia kama baba anavyowaambia punda wake kwenye kilima: twende mama, maji yako karibu. Akatikisa sikio moja. Akakojoa kwa muda mrefu sana, akaendelea. Kumbe haikuwa ubishi.

Chini

Sasa nasema nilichokiona.

Kwanza kuna sauti. Unausikia mto kabla ya kuuona, kama watu wengi wanaongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Halafu unapita ndani ya mwamba, kiza kidogo, unatokea juu ya daraja, na mto uko chini ya miguu ya nyumbu. Maji ni ya kijani. Nilitarajia matope. Ni ya kijani, na baridi yake nilipoingiza mkono iliuma mpaka kiwiko.

Kuta zimepanda pande zote mbili, tabaka juu ya tabaka, nyekundu, ya njano, ya zambarau, nyeupe, kama doti za kanga zilizopangwa dukani kutoka sakafuni mpaka dari, na dari ni kipande chembamba cha mbingu. Karibu na mto kuna miti ya majani ya kijani kabisa, mahali ambapo hukutegemea hata nyasi. Nyumbu walifunguliwa wakapangwa mstari kwenye maji. Walipokuwa wanakunywa, masikio yao yalikuwa yanaenda nyuma kwa kila funda, yote kwa pamoja, nyuma, mbele, nyuma, mbele.

Nililia. Sijui kwa nini yalikuwa masikio. Wade alidhani ni vumbi, akanipa kitambaa.

Jioni walipika mchuzi wa nyama na mkate wa mahindi. Watu hawapimwi wakati wa kupanda kurudi juu. Niliuliza mara mbili kuhakikisha, nikala.

Kupanda

Kesho yake njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bibi Ruth. Nilianza na sauti ya mto. Nikaweka rangi. Nikaacha masikio mwishoni.

Njeri alikuwa palepale kwenye benchi, au amerudi palepale. Mkanda wa Hal ameuzungusha kiunoni mara mbili. Macho mekundu. Alinisaidia kushuka, maana magoti yangu yalikuwa yamebaki umbo la Gloria. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Kulikuwa na nini?"

Maneno yote nilikuwa nayo tayari, yamepangwa. Nilimtazama usoni. Alikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Hakuna kitu, mpenzi," nilisema. "Mawe tu. Na vumbi."

Akashusha pumzi. "Si nilijua!" Akacheka, akafuta pua. "Njoo, nimekuwekea yai."

Nilisimama na yai mkononi. Nilikuwa nimevuka nchi nzima kwa gari, nimevuliwa mbele ya wastaafu, nimetoka juu hadi chini na chini hadi juu kutafuta jibu la Bibi Ruth, na lilikuwa limetoka mdomoni mwangu bila hata kuniuliza.

Kurudi, na Germantown tena

Kurudi tulipita kwa Mama Furaha na kwa Auntie Wambui, na nilikula. Sina la kuongeza hapo.

Jumatatu niliingia kwa Bibi Ruth saa mbili kasoro. Nikamuwekea mkanda mapajani, nikampa supu, nikakaa mbele yake. Alikoroga supu bila kuionja.

"Supu anayopika binti yangu, ile niliyokuonjesha kabla ya safari," alisema, "ilikuwaje?"

Nilivuta pumzi. "Haikuwa na chumvi, Bibi. Na karoti zilikuwa mbichi."

Akaweka kijiko chini. "Sasa naona uko tayari. Hal alisema kweli?"

"Hapana, Bibi. Alikudanganya."

Nikamwambia yote. Sauti ya mto, kijani, baridi mpaka kiwiko, tabaka za rangi, miti. Nikamweleza Njeri kwenye benchi na nilichomwambia, na namna nilivyojua wakati uleule kwa nini Hal alisema vile. Alikuwa amefumba macho, kidole chake kinazunguka juu ya kile kifungo cha chuma. Nilipofika kwenye masikio ya nyumbu aliinua mkono nisimame. Nikadhani nimemuumiza. Nikaanza kusema labda ningekaa kimya.

"Maisha yangu yote," alisema, "nimekuwa nadhani niliolewa na mwanamume aliyetazama kitu kama kile asione chochote. Nilimpenda hivyohivyo. Nilimpikia, nikamzika. Lakini nilikuwa namuonea huruma." Akafumbua macho, yalikuwa yanang'aa. "Kumbe aliona, mjinga yule. Aliona vyote."

Akaniambia nirudie masikio. Nikarudia. Supu ikapoa, na hakuna aliyesema ilikuwa nzuri.

Basi ndiyo safari yangu. Sasa nina neno na mtu mmoja kati yenu.

Njeri, samahani. Hukukosa mawe na vumbi. Kuna mto kule, wa kijani, na nimekuandikia hapo juu vilivyobaki. Sitaki uishi miaka sitini kama Bibi, unanionea huruma. Ukiwa tayari tutakwenda tena, nitashuka nyuma yako kona zote, na tutalala hotelini njia nzima, tukiulizwa tutasema gari liliharibika.

Najua hapo ulipo umesonya. Shukuru hujakaa juu ya Gloria.